Anahama na Nani?

Dada yangu alinitumia picha mbili kwenye WhatsApp saa nne usiku. Ya kwanza ilikuwa karatasi ya karo ya akademi moja hapa Kayole, imechapishwa kwa rangi, na juu yake watoto wamevaa kofia za mahafali. Ya pili ilikuwa ukurasa wa daftari alioandikiwa kwa mkono na karani wa shule ya umma iliyo dakika tano kutoka kwake. Chini akaandika: "Wewe ndio unasomanga vitu. Niambie."

Mpwa wangu anaingia gredi ya kwanza Januari. Kila mzazi wa mtaa anaijua hii Novemba: kwa kinyozi, kwa mama mboga, kwa laini ya maji, watu wanaulizana tu wanapeleka watoto wapi.

Tulifanya hesabu pamoja kwa simu. Akademi inataka 14,500 kwa muhula, basi 6,000, chakula 5,000. Mihula mitatu, 76,500. Ongeza sare na ada ya usajili, mwaka wa kwanza unafika 86,300.

Shule ya umma karo ni sufuri. Chakula cha mchana ni shilingi 5, ule mradi wa Dishi na County ulioanza Nairobi mwaka 2023. Lakini ule ukurasa wa daftari ulikuwa na mistari: dawati, rimu mbili za karatasi, pesa ya mitihani, pesa ya mlinzi, pesa ya walimu walioajiriwa na bodi. Ukiweka sare, inafika kama 11,000 kwa mwaka.

Mi nikasema basi imeisha, 11,000 na 86,300 si hesabu ya kufikiria. Dada akanyamaza kidogo, halafu akaniuliza kama najua gredi ya kwanza ya shule ya umma wanatoka saa ngapi.

Wanatoka mchana. Yeye anafanya kazi duka la vifaa vya umeme mjini, anafika nyumbani saa moja jioni siku ambayo Jogoo Road imekubali. Akademi inakaa na mtoto mpaka saa kumi na moja, halafu basi linamleta hadi langoni. Akiandika msichana wa kazi kwa 8,000 kwa mwezi, hiyo ni 96,000 kwa mwaka kabla hujamlisha. Kwa hivyo ile shule ya bure ingemgharimu 107,000. Ya kulipa, 86,300.

Sikuwa na la kusema. Nilikuwa nimejiandaa kumpa hotuba kuhusu haki ya elimu, Katiba ya 2010, kifungu cha 53, kila mtoto ana haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Hotuba hiyo haijui mtoto wa miaka sita atakaa na nani kuanzia saa saba.

Wikendi hiyo nilienda Kiambu kumwona shosho, nikamsimulia. Alisikiliza yote, hesabu na basi na dawati, halafu akauliza kitu ambacho sikukielewa mara moja.

"Anahama na nani?"

Nikamwambia hahami, anachagua shule tu. Akasema ni kitu kimoja. Kama unaiona shule fulani na unaipita kwenda nyingine, umehama. Akarudia swali. Anahama na nani?

*

Shosho alizaliwa 1943. Shule yake ya kwanza, na ya mwisho, ilikuwa ya udongo na nyasi, na haikuwa ya serikali wala ya wamishonari. Ilikuwa ya wazazi.

Hii sehemu ya historia tuliifundishwa darasani kwa aya mbili, za kukariri. Tulikariri majina ya vyama, KISA na Karing'a, tukaandika kwenye mtihani, tukasahau. Hakuna aliyetuambia kwamba ilikuwa hadithi ya wazazi waliokaa chini, kama dada yangu, wakapima shule mbili.

Mwaka 1929, makanisa kadhaa ya kimishonari katika nchi ya Wakikuyu, yakiwemo Kanisa la Scotland na Africa Inland Mission, yaliwataka waumini na walimu wao waikane tohara ya wasichana, na kwa wengi pia siasa za chama cha KCA. Ukikubali unaweka alama ya kidole gumba. Watu waliita jambo hilo kirore. Waliokataa walitolewa, na watoto wao wakatolewa shule.

Tusiipake hii hadithi rangi. Kilicholeta ugomvi ni ukeketaji, na mimi kama kaka ya mtu na anko wa mtu sina sifa ya kuupa upande huo. Kenya ilipitisha sheria ya kuupiga marufuku mwaka 2011 na ilichelewa. Lakini ukisoma waliyoyadai wazazi wale unaona mengine ndani yake. Kulikuwa na ardhi. Kulikuwa na swali la nani anaamua mtoto wako afundishwe nini. Na kulikuwa na Kiingereza: wazazi walikuwa wameona kwamba lugha ya ofisi ndiyo mlango, na shule za misheni zilikuwa zinawachelewesha watoto wao kwa lugha ya nyumbani huku zikiwafundisha useremala na kilimo. Shule za kujitegemea zilianza Kiingereza mapema. Miaka karibu mia baadaye, akademi ya Kayole imeandika langoni kwamba hapa tunazungumza Kiingereza tu. Mteja wao hajabadilika.

Kwa hivyo wazazi walitoka. Na walipotoka hawakuwa na pa kwenda, ikabidi wajenge. Mwaka 1939 wakafungua chuo cha kufunza walimu Githunguri, chini ya Mbiyu wa Koinange aliyekuwa amerudi kutoka masomoni Marekani. Pesa zilitoka kwa marika: kila rika lilichanga likishindana na rika lingine, na hakuna mzee aliyetaka rika lake litajwe mwisho. Wanawake nao walichanga kivyao ili bweni la wasichana lijengwe. Jomo Kenyatta aliporudi kutoka Uingereza mwaka 1946, chuo hicho ndicho alichokuja kukiongoza.

Babake shosho alitoa mbuzi wawili na siku zake za kubeba mawe. Kwao hilo la mawe linasimuliwa kuliko la mbuzi.

Oktoba 1952 hali ya hatari ikatangazwa. Serikali ya kikoloni ilizihesabu shule hizo kama viota vya Mau Mau na ikazifunga. Chuo cha Githunguri kikageuzwa mahali pa kunyongea watu. Shosho alikuwa na miaka tisa. Anakumbuka walienda asubuhi wakakuta mlango umepigiliwa mbao, na mwalimu hayuko. Wakakaa nje mpaka saa sita, wakitarajia. Wakarudi nyumbani. Anasoma Biblia yake ya Kikuyu vizuri sana mpaka leo, na hajawahi kukaa darasani tena.

Ndio maana anauliza anahama na nani. Kwao mtu mmoja hakuwahi kuhama shule. Walihama mlima mzima.

*

Wakati huo Nairobi, shule zilipangwa kwa rangi. Wazungu walikuwa na Prince of Wales, iliyofunguliwa 1931, ambayo leo ni Nairobi School, na Duke of York ya 1949, leo Lenana. Wahindi walikuwa na Duke of Gloucester, leo Jamhuri. Mwafrika mwenye bahati na akili nyingi alienda Alliance, iliyofunguliwa Kikuyu mwaka 1926, au Mang'u ya Wakatoliki. Wengine wote waliishia darasa la nne kama walifika.

Uhuru ulipokuja, tume iliyoongozwa na Profesa Simeon Ominde ilipendekeza mwaka 1964 kwamba ubaguzi wa rangi shuleni uishe. Uliisha, kwa karatasi. Zile shule zilizokuwa za Wazungu zilibaki na viwanja vyao na maabara zao, na zikabaki na karo ya juu. Waafrika waliorithi ofisi za Wazungu walipeleka watoto wao huko. Langoni, aliyekuwa akiulizwa rangi sasa aliulizwa risiti.

Lakini kuna jambo ambalo watu wa umri wangu hawalijui, na lilinishangaza nilipoanza kusoma haya mambo. Zile shule nzuri zilikuwa za umma. Kwa miaka ishirini baada ya uhuru, kwenda shule ya kibinafsi kwa Mkenya wa kawaida ilikuwa karibu aibu. Ukiondoa chache za matajiri na wageni, sekondari za kibinafsi zilikuwa za walioanguka mtihani: chumba juu ya duka, mwalimu mmoja wa masomo manne, mwenye shule anakusanya karo mwenyewe. Mtu akikuambia mtoto wake yuko praivet ulimpa pole.

Na kwa waliokosa nafasi za serikali kulikuwa na njia nyingine, harambee. Hii ilikuwa Kenya nzima, si mlima peke yake. Kijiji kilichanga mabati, mawe na kuku wa mnada, mbunge akaja kutoa hotuba, sekondari ikasimama. Kufikia katikati ya miaka ya 1970, sekondari za harambee zilikuwa nyingi kuliko za serikali. Nyingi zilikuwa duni. Nyingi pia ndizo leo zina jina zuri na uzio wa stima. Mzazi aliyekosa hakuhama peke yake. Alichanga na jirani.

Mama yangu alianza shule katikati ya haya, Januari 1974. Mwezi mmoja kabla, siku ya Jamhuri, Kenyatta alikuwa ametangaza kwamba karo ya darasa la kwanza hadi la nne imefutwa. Watoto wa shule za msingi nchini waliruka kutoka takriban milioni 1.8 mwaka 1973 hadi zaidi ya milioni 2.7 mwaka uliofuata. Hebu fikiria hiyo namba ikifika kwa mwalimu mmoja aliye na chaki tatu.

Hakukuwa na madarasa mapya wala walimu wa kutosha. Shule zikaanzisha ada ya ujenzi, na katika sehemu nyingi ada hiyo ilizidi ile karo iliyofutwa. Mama anakumbuka kurudishwa nyumbani kwa ajili yake mara tatu kwa muhula mmoja. Shosho aliuza mahindi kabla hayajakauka. Watoto wengi walioingia na wimbi lile walitoka nalo mwaka huohuo au uliofuata, kimya kimya.

Ningependa usome hilo mara mbili, kwa sababu litarudi. Serikali inatangaza bure. Watoto wanafurika. Pesa hazifuati watoto. Shule inatafuta jina jipya la karo. Wazazi wanaoweza wanaanza kuangalia pembeni.

*

Moi alipoingia alifuta ada zilizobaki na kuleta maziwa mwaka 1979. Ukitaka mama acheke mwulize kuhusu maziwa ya Nyayo. Kisha mwaka 1985 ukaja mfumo wa 8-4-4, na wazazi wakaambiwa wajenge karakana za useremala na vyumba vya sayansi kimu. Mwishoni mwa miaka ya 1980, mkopo ukiwa umebana na Benki ya Dunia imekaa mezani, serikali ikaja na ugawanaji wa gharama: serikali inalipa walimu, wewe mzazi lipa karibu yote mengine. Bure ya mama ilikuwa imekufa rasmi. Walimu nao waligoma mwaka 1997, wakaahidiwa nyongeza, wakagoma tena 1998 ahadi ilipovutwa.

Hapa ndipo akademi zilipoota. Ukitembea Eastlands unaweza kuzisoma kama miti: zile zenye lango la chuma na ghorofa tatu nyingi zilianza miaka hiyo katika nyumba ya mtu, sebule ikiwa darasa. Waliozianzisha wengi walikuwa walimu waliochoka. Waliopeleka watoto walikuwa makarani, wauguzi, wafanyabiashara, na walimu wa shule za umma wenyewe. Shuleni walikofundisha, hawakuacha wa kwao.

Halafu Januari 2003. Kibaki ameapishwa wiki moja iliyopita, na ahadi ya elimu ya msingi ya bure inatimizwa papo hapo. Dada yangu alikuwa anaingia darasa la nne katika shule ya umma. Anasema walifungua shule wakiwa arobaini na kitu. Kufikia Ijumaa walikuwa zaidi ya themanini, na mmoja wao alikuwa na ndevu. Nchini kote watoto walitoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2. Mwaka uliofuata mzee Kimani Maruge, wa miaka 84, alijiandikisha darasa la kwanza Eldoret na dunia nzima ikamwona.

Mi sitawahi kuicheka 2003. Watoto zaidi ya milioni moja waliokuwa wakichunga mbuzi, wakiokota plastiki, wakilea watoto wenzao, waliingia darasani. Huwezi kuandika hilo kama kosa. Serikali ilitoa shilingi 1,020 kwa kila mtoto kwa mwaka. Baadaye ikawa 1,420. Ukiigawanya kwa miezi tisa ya masomo unapata kama shilingi 158 kwa mwezi. Vitabu, chaki, ukarabati, umeme, mitihani, yote humo, na zikifika hufika zikiwa zimechelewa.

Na wazazi wanaoweza wakaangalia pembeni. Safari hii hawakuwa matajiri peke yao. Shule za kibinafsi za bei ya chini ziliongezeka Kibera, Mathare, Mukuru na huku kwetu, kwa watu wanaolipa kwa siku. Sehemu ya sababu ni kwamba shule za umma zilikuwa zimejaa, na sehemu ni kwamba katika mitaa mingi ya mabanda hazikuwepo kabisa. Watu huongea kana kwamba mzazi wa Mukuru alipima shule mbili akachagua ya mabati. Mara nyingi ilikuwa moja tu. Septemba 2019, jengo la shule kama hiyo lilianguka Dagoretti asubuhi, watoto wasiopungua saba wakafa. Wazazi waliohojiwa siku ile waliulizwa kwa nini waliwapeleka pale. Swali hilo lilifaa kuulizwa kwingine.

*

Sasa niseme la kwangu, maana ndilo dada analorushia kila tukibishana.

Nilianza shule ya umma mwaka 2005. Tulikuwa tisini na kitu darasani, watano kwa dawati, na mwalimu wetu alikuwa mzuri ajabu kwa wale watoto thelathini wa mbele. Mwaka 2008, biashara ya mama ya mitumba Gikomba ikiwa imeanza kusimama, akanihamisha akademi. Dada alikuwa ameshamaliza darasa la nane huko kwa umma. Hakukuwa na pesa ya wawili hata kama angekuwa bado mdogo, na mimi ndiye niliyekuwa kijana. Hilo halikusemwa, lakini sote tulilisikia.

Akademi ilinifundisha. Tulikuwa ishirini na nane. Tulikuwa tunaingia saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mitihani kila wiki, fimbo kwa kila alama iliyopotea. KCPE ya 2012 nilipata 389 kwa 500. Kijana tuliyekuwa tunacheza naye mpira, aliyebaki shule ileile niliyoihama, alipata 361. Yeye akaitwa shule ya kitaifa. Mimi nikaitwa shule ya kaunti.

Mama alilia kama aliyeibiwa. Kilichotokea ni kwamba kuanzia uteuzi wa 2011 serikali ilikuwa imebadilisha hesabu: nafasi za shule za kitaifa zigawanywe kulingana na idadi ya watahiniwa wa umma na wa kibinafsi. Kabla ya hapo, akademi, zilizokuwa na sehemu ndogo ya watahiniwa, zilikuwa zinachukua sehemu kubwa ya nafasi. Wenye shule walienda kortini. Wazazi walilalamika redioni kwamba mtoto anaadhibiwa kwa sababu mzazi wake amejinyima.

Nilikuwa na hasira miaka mingi. Leo sijui kama ninayo. Yule kijana alipata 361 katika darasa la watoto tisini, kwa taa ya mafuta, bila fimbo ya kila wiki. Kama mtihani ungekuwa unapima akili, nani alikuwa na alama nyingi? Lakini pia, mama alifanya nini kibaya? Aliona chumba kimejaa akamtoa mtoto wake. Serikali iliyokijaza chumba ndiyo iliyokuja baadaye kumwambia kutoka kwake kulikuwa upendeleo. Wote wawili walikuwa na haki, yeye na mama ya yule kijana, na waliwekwa wapigane wao kwa wao juu ya nafasi chache, badala ya kuuliza kwa nini ni chache. Wala hawakuwahi kukaa meza moja. Walikuwa wanaishi ploti moja.

Nilifika chuo kikuu, nikaacha mwaka wa tatu, karo. Dada, wa shule ya umma, alisomea cheti cha uhasibu jioni na leo ndiye anayelipa kodi ya nyumba ya mama. "Wewe ndiwe uliyelipiwa," huwa ananiambia, "na mimi ndiye ninayelipa." Haimaanishi shule ya umma ilimshinda ya kibinafsi. Familia moja si utafiti. Ila inamaanisha sina haki ya kumfundisha mtu kwa kutumia mfano wangu.

*

Wanaoingia shule leo hawatafanya KCPE. Ile ya mwisho ilifanywa 2023. Mfumo wa umilisi ulioanza 2019 uliahidi kwamba mtoto hatapimwa kwa siku tatu za Novemba, na nafikiri nia ilikuwa njema. Lakini umeleta vipimo vipya vya kulinganishia shule. Mzazi sasa anauliza kuna kompyuta ngapi, kuna maabara ya sekondari ya chini au ni darasa la zamani lililobadilishwa jina, nani ataprinti kazi ya mradi, nani ataleta manila na gundi. Watoto wa kwanza walipofika gredi ya saba mwaka 2023, wengi walikuta mwalimu mmoja anafundisha masomo ambayo hakuyasomea. Pesa hazikufuata watoto. Unaona, imerudi.

Nimeandika haya yote kutafuta jibu la dada, na jibu nililolipata si kuhusu shule gani ni bora. Ni hili: wazazi wa Kenya wamekuwa wakihama shule mbaya kwa karibu miaka mia, na hawakosei kuhama. Kilichobadilika ni namna. Wa 1929 walihama pamoja, na walipofika walikuwa na shule. Wa harambee walichanga pamoja, na walipochoka walikuwa na shule. Sisi tunahama mmoja mmoja, usiku, kwa M-Pesa, na tukichoka tuna risiti. Na kila anayetoka anaondoka na sauti yake. Shule ya umma ya karibu na dada ilikuwa na mkutano wa wazazi mwezi uliopita. Karani alimwambia walikuja kumi na saba, kwa shule ya watoto zaidi ya elfu. Ukiuliza pesa ya mlinzi inaenda wapi mkiwa kumi na saba, unaonekana msumbufu. Mkiwa mia nne mwalimu mkuu anatafuta kitabu cha hesabu.

Sisemi dada apeleke mtoto pale ili kuokoa taifa. Mtoto wa miaka sita si mchango wa harambee. Nilimpigia Jumapili nikamwambia tu swali la shosho, kama lilivyo.

Alikaa kimya, nikadhani amekasirika. Kisha akasema kwenye ploti yao kuna wanawake wengine watatu wenye watoto wa gredi ya kwanza Januari, na kila mmoja ameshapiga hesabu yake kivyake, na tatizo la kila mmoja ni saa saba hadi saa moja. Kuna mama wa ghorofa ya chini, mwalimu wa chekechea aliyestaafu, ambaye angekaa na wanne kwa 10,000 kwa mwezi. Hiyo ni 2,500 kila mtu. Kwa miezi tisa, 22,500. Weka na zile 11,000 za dawati na rimu, inakuwa 33,500.

"Na mkutano wa wazazi mwende wote wanne," nikasema.

"Wewe ngoja kwanza," akasema. "Usianze siasa."

Siku naandika hivi, wawili wamekubali. Wa tatu mume wake ameshalipa usajili wa akademi na hautarudishwa. Akademi inataka jibu la dada Ijumaa. Shosho amepiga simu mara mbili kuuliza wamefika wangapi.